Maganda Mapya ya Baba

Jumapili, Xiaobei. Kuta zinatoka jasho.

Wasioishi Guangzhou hawaijui habari hii, kwa hiyo niwaeleze. Kila mwaka kuna majuma kadhaa, baridi inapoondoka na joto linapoingia, ambapo nyumba nzima inalowa yenyewe. Mvua hakuna, bomba halijapasuka, lakini ukuta unatiririka, sakafu inateleza, na khanga uliyoianika juzi bado ni mbichi. Leo nimefuta kioo cha kabati ili nijione. Nilipojiona nikatamani nisingefuta.

Nimechoka. Nimechoka na nacheka peke yangu, mpaka Mama Clarisse amechungulia mlangoni kuona kama nina homa.

Juma zima hili nilikuwa na maganda ya risasi chini ya kitanda.

Sasa msinikimbie. Mimi si mtu wa silaha. Mimi nauza viatu vya kike. Nanunua soko la Zhanxi, napakia bandari ya Huangpu, vinafika Dar, basi. Kitu cha hatari kuliko vyote nilichowahi kusafirisha ni kiatu cha kisigino cha msumari. Haya ya maganda ni mambo ya baba yangu, na ili myaelewe lazima nimweleze baba yangu kwanza.

Baba ni bwana nyama mstaafu, askari wa wanyamapori. Tabora, maisha yake yote. Alikuwa na bunduki ya kuwindia, yenye kibali, na risasi zake alikuwa anazijaza mwenyewe nyumbani kwa mashine ndogo ya mkono aliyoachiwa na mwindaji mmoja Mgiriki aliyerudi kwao. Risasi za dukani zilikuwa adimu, na hata zilipokuwepo baba hakuziamini. Akipata maganda mapya ya shaba, matupu, hayajawahi kuona baruti, ilikuwa shughuli ya nyumba nzima. Nasema nyumba nzima, lakini ni mimi na yeye. Mdogo wangu Mariamu alikuwa anaogopa hata kuyashika, anasema yatamlipukia, ingawa ganda tupu halina tofauti na kijiko.

Watu wanadhani kitu kikiwa kipya ni kizima. Baba hakuwa na imani hiyo. Ganda jipya kwake lilikuwa mtuhumiwa. Unaliviringisha juu ya kioo cha dirisha kilicholazwa mezani. Likiyumba, limepinda, tupa kule. Halafu unalipeleka kwenye mwanga na kukichungulia kitako, pale inapokaa fataki, ile inayogongwa na bunduki ndipo risasi ilipuke. Tundu liko katikati? Lina kipele cha shaba kilichobaki kiwandani? Kipele unakikwangua, taratibu, usije ukapanua tundu, maana tundu likilegea halishiki fataki tena na ganda limekufa. Mdomo ukiwa umebonyea safarini, unaurudishia mviringo kwa chuma laini, kisha unaukwangua ukingo ndani na nje. Unapima urefu. Unapima uzito, yanayolingana unayaweka pamoja.

Na shingo. Baba alikuwa anaizungumzia shingo ya ganda kama shehe anavyozungumzia udhu. Lazima iwe na rangi ya moshi kidogo, buluu iliyochanganyika na hudhurungi, ndiyo alama kwamba kiwandani waliipitisha kwenye moto ikalainika. Ganda ambalo shingo yake haijaonja moto ni gumu na litapasuka, na likipasuka, jicho la mpigaji liko pale pale nyuma yake.

Haya niliyajua kabla sijajua kusonga ugali. Wenzangu wakikaa barazani na mama zao wakichagua mchele, mimi nilikuwa na baba nachagua maganda. Na kwa miaka yote ile baba hakuwahi kuniambia nimefanya vizuri. Akiridhika, hasemi kitu. Asiporidhika, anachukua ganda nililolipitisha, analirudisha kwenye rundo la kukaguliwa, na bado hasemi kitu.

Halafu nikakua, nikaacha chuo cha uuguzi alichonitafutia kwa kupiga magoti kwa watu, nikaingia kwenye biashara. Mariamu ndiye akawa muuguzi. Baba anaiita biashara yangu "hiyo kazi ya kubeba mizigo". Kila safari namuuliza nimletee nini kutoka China, kila safari ananijibu ana kila kitu. Nilimpelekea shati, akampa mjomba. Nilimpelekea saa, akasema jua lipo. Nilimpelekea simu ya tochi, nikaambiwa ameiweka mahali. Mahali gani sikuuliza.

Ndiyo maana juma lililopita, aliponipigia kwa simu ya Mariamu, nilisimama katikati ya Zhanxi kama mti. Nyuma yangu mikokoteni ya viatu inapiga kelele nipishe, mmoja ukanikanyaga kidole gumba, sikuhama. Laini ilikuwa inakuja na kwenda, lakini sauti yake naijua hata ikitoka kisimani.

"Maganda yangu yamechoka," akasema. "Tundu limelegea, halishiki tena. Niletee mapya. Orijino, usiniletee feki. Na uyakague wewe mwenyewe, usimwachie mtu."

Kabla sijauliza mangapi, laini ikakatika.

Uyakague wewe mwenyewe.

Jamani, mimi mtu mzima, nina watoto wawili na kontena, nilisimama mbele ya duka la ndala nikalia. Mwenye duka akadhani nalilia bei, akapunguza bila kuombwa.

Najua mnachotaka kuniambia. China si mahali pa mgeni kuzunguka madukani akiulizia mambo ya risasi. Nalijua hilo. Lakini nilijisemea kwamba ganda bila baruti, bila fataki, bila risasi yenyewe, ni kipande cha shaba tu, ndugu yake bawaba na bomba la sinki. Nilijisemea mengi. Ungenisikia nilivyokuwa najitetea njiani ungedhani niko mahakamani.

Kumpigia baba nimuulize zaidi sikutaka. Baba hapendi mtu wa kuuliza mara mbili. Akikuagiza jembe ukamuuliza jembe gani, anakwenda kulichukua mwenyewe. Nilijaribu kidogo tu namba yake, ile ya simu ya tochi, haikupatikana. Nikajua yuko porini anawinda kwa maganda mabovu. Nikazidi kuharakisha.

Sasa Kichina changu ni cha sokoni. Bei gani, punguza, leta rangi nyingine, hapana. Neno la risasi halimo. Nikamuuliza kijana anayefunga mizigo yetu, bila kumwambia sababu, akaniambia ni "zidan". Na ganda ni "ke". Nikalikariri hilo neno njia nzima. Nikaingia kwenye duka la vyuma, nikamwambia laoban, yaani bosi mwenye duka, nataka "jidan ke", mapya, mengi.

Laoban akaniangalia. Akanishika mkono kwa huruma, akanivusha barabara, akanikabidhi kwa mama muuza mayai.

Kumbe "jidan" ni yai. Kati ya yai na risasi kwa Wachina kuna herufi moja tu, na ulimi wangu uliichagua isiyohusika. Yule mama akanipa trei. Nikakataa, nikasema "ke, ke", nataka maganda tu, ya ndani sitaki. Akaniangalia kwa muda mrefu sana. Akamwita jirani yake, naye akaniangalia. Halafu akaingia ndani, akatoka na mfuko wa maganda ya mayai aliyokaangia wateja asubuhi, akanipa bure, akanionyesha kwa mikono kwamba nisage, nichanganye na maji, ninywe, magoti yatapona. Ningeanzaje kukataa? Nikashukuru, nikaondoka na mfuko wa takataka ya watu, nikiwa na heshima zangu zote.

Nyumbani nikamkuta Mama Clarisse. Huyu ndiye ninayeishi naye hapa, mwanamke wa Lubumbashi, mnunuzi wa nywele za bandia, mlokole, mpana, anayesali kwa Kifaransa na kugombana kwa Kiswahili. Nikamweleza yote. Hakucheka. Akayatazama maganda ya mayai, akanitazama mimi.

"Ma chère, uliombaka maganda ya mayai, bakakupa maganda ya mayai. Sasa unalilia nini?"

Nilipomwambia ni ya shaba, macho yakamng'aa. Kwao, enzi za Mobutu, jimbo lao lenyewe lilikuwa linaitwa Shaba, na yeye anahesabu kwamba kila kipande cha shaba duniani ni shemeji yake. Akasema yeye alizaliwaka mu Shaba, shaba haiwezi kumpotea. Na kweli haikumpotea. Aliwahi kumnunulia mchungaji wake zawadi ya ndege ya vita iliyoungwa kwa maganda ya risasi, pambo la kuweka mezani, na duka analijua.

Kesho yake tukaenda. Uchochoro nyuma ya soko la mapambo, laoban mwembamba anakula tambi. Duka limejaa vifaru vya vita vidogo, ndege, meli, hata pikipiki, vyote vya maganda. Na pale sakafuni, kando ya mguu wake, gunia liko wazi, limejaa maganda mapya yanayosubiri kuungwa. Yanang'aa. Na kimo chake, wallahi, ni kile kile cha maganda ya baba.

Laoban akauliza nataka vifaru vingapi. Nikasema vifaru sitaki, nataka haya. Akasema "meiyou", hakuna, huku kaweka mguu juu ya gunia. Ilichukua muda. Baadaye nilielewa kwamba aliniogopa, aliamini nakwenda kufungua kiwanda cha vifaru Afrika nimharibie soko. Mama Clarisse akamwapia kwa jina la Yesu kwamba sina akili hiyo. Sijui alielewa nini, lakini akatupimia mfuko.

Kazi ikaanza. Nilikivua kioo cha kabati nikakilaza sakafuni. Chuma cha kukwangulia sikuwa nacho, nikachukua vifaa vyangu vya kucha: tupa, kijiko cha kusukumia ngozi, na ile sindano nene ya kutolea uchafu. Mzani nikanunua ule mdogo wa masonara, hapa unauzwa kama peremende. Sumaku nikaibandua kwenye friji, ina umbo la bata.

Nikaanza na bata, kwa sababu shaba haishiki sumaku. Nikampitisha juu ya rundo. Bata akanyanyuka na kundi zima limemng'ang'ania. Yale yalikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Orijino, alisema baba. Nikayatupa pembeni, nikajisemea yaliyobaki bado ni mengi.

Nikaviringisha. Mengine yalikwenda sawa, mengine yakapiga kona na kurudi kwangu. Mama Clarisse mwanzoni alikaa mbali na Biblia yake, anakemea. Halafu akasogea. Halafu akavua miwani ya kusomea na kuvaa ya kuonea mbali. Baada ya muda kidogo alikuwa kalala kifudifudi, shavu kwenye kioo, anahukumu.

"Hii njo imelewa," akawa anasema, analitupa. "Na hii pia. Hii yenyewe haijui kwao."

Alikuwa mkali kuliko mimi. Nilipitisha moja lililokuwa limebonyea mdomo kidogo tu, nikijua litarudi, akalichukua na kuliweka kwenye takataka bila kusema kitu. Nilimtazama kwa mshangao. Nilihisi niko Tabora.

Vitako sasa. Kuna ambayo tundu lilikuwa limekwenda upande. Kuna moja lilikuwa na matundu mawili. Kuna ambayo hayakuwa na tundu kabisa, vipofu, nikayachungulia mpaka kope zikauma. Yaliyobaki nikayakwangua vipele kwa sindano ya kucha, nikazungusha tupa kwenye midomo, ndani na nje, nikayaosha kwa sabuni ya vyombo, nikayaanika. Kwenye hewa hii hayakukauka. Nikayapuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, moja moja, na Mama Clarisse akanipa ya kwake ya biashara, ile yenye nguvu. Picha sijaweka hapa kwa sababu viza yangu naipenda.

Sasa niandike lile ambalo sikumwambia hata yeye.

Shingo zilikuwa njano tupu.

Niliona siku ya kwanza, palepale dukani, mkono wangu ukiwa ndani ya gunia. Hakuna buluu, hakuna hudhurungi, hakuna dalili ya moto. Na vitako havikuwa na muhuri wa kiwanda. Nilijua. Nikajiambia labda Wachina wanasugua. Nikajiambia labda siku hizi kuna njia mpya. Kila nilipokuwa nakagua nilikuwa naanzia kitakoni na kuishia katikati, shingoni macho yangu yalikuwa yanapata dharura. Niliyataka yawe mazima. Nilitaka kushuka Tabora, nimwekee baba mfuko mapajani, na nione anavyolichukua moja, analiviringisha, halirudishi kwenye rundo.

Ijumaa mlango ukagongwa.

Ni wale polisi wa kukagua pasi, wanapita jengo zima kila baada ya muda, kawaida yao, na siku zote nimewapokea kwa tabasamu na karatasi zangu. Siku hiyo kioo kilikuwa katikati ya sebule na maganda yaliyofuzu yamepangwa mistari pembeni yake kama wanafunzi wa paredi. Nikaganda. Mama Clarisse hakuganda. Alifungua kitenge chake cha pili, akakitandaza, akakaa juu ya paredi nzima. Na alivyoumbika, Mungu ambariki, hakikuonekana kitu.

Wakaingia wawili, mmoja mtu mzima, mmoja kijana. Wakaomba pasi. Yangu nikatoa haraka. Wakamwomba Mama Clarisse asimame alete yake. Akasema kwa Kifaransa hawezi, miguu. Wakarudia kwa Kiingereza. Akarudia kwa Kifaransa, akaongeza aya ya Zaburi. Akajisogeza kidogo ili afikie mkoba. Kidogo tu.

Ganda moja likatoka chini yake.

Sakafu nimeshasema ilikuwa imelowa. Likateleza polepole, sawasawa kabisa, bila kuyumba hata kidogo, kwa sababu lilikuwa limefuzu, likaenda kusimama kwenye kiatu cha yule mtu mzima.

Akainama, akaliokota. Akaligeuza. Mimi nilishajiona ndani ya ndege, bila viatu, bila kontena, bila heshima. Akamwonyesha mwenzake. Wakazungumza. Halafu akanigeukia.

"Tanke?" akauliza. Ndilo neno lao la kifaru cha vita.

"Tanke," nikasema, kwa sauti ya mtu mwingine.

Uso ukamfunguka. Akanionyesha kwa mikono kile alichonacho nyumbani kwake, kikubwa, juu ya televisheni. Akatoa na mlio wake. Kijana akacheka. Kisha akanirudishia ganda, akatikisa kidole, akasema kwa Kiingereza taratibu nisije nikapita nalo uwanja wa ndege wa Baiyun, nitapata shida. Wakatazama pasi ya Mama Clarisse, wakaaga, wakapanda ghorofa ya juu.

Mama Clarisse akanyanyuka. Alikuwa na alama za viduara mwili wa nyuma ambazo hadi leo anataka kunionyesha. Nilidhani atanitukana. Hakunitukana. Alichukua ganda moja, akaliweka kwenye kiganja changu, akakaa mbele yangu.

"Mwajuma, hapa mbele ya Mungu. Wewe ungeipiga hii, na jicho yako pale?"

Nikalitazama. Nikaanzia shingoni.

Nilikwenda kutafuta mfuko.

Jana nikamrudishia laoban mzigo wake. Kurudisha pesa akasema meiyou, na safari hii alisema kweli. Lakini alipoona midomo yote imekwanguliwa ikawa laini, na vitako visafi, na yaliyopinda yametengwa na yaliyonyooka, akashangaa. Akaniuliza kama natafuta kazi. Nikasema hapana. Akanipa kifaru kimoja. Kiko hapa mezani, kinanielekezea mtutu ninapoandika.

Leo nikanunua kadi ya simu. Nilikaa nayo tangu asubuhi, naikwangua namba moja naiacha. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Nilijua nitakachosikia: kimya, halafu "haya", halafu baba hataniomba tena kitu mpaka mmoja wetu azikwe. Nikapiga kwa Mariamu, Mariamu akampa simu.

Nikamwamkia, akaitikia. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja kabla sijaogopa.

"Baba, maganda sikuyapata. Niliyoyapata nimeyakataa yote."

"China nzima hakuna maganda?"

"Yapo, baba. Lakini ni ya kutengenezea vifaru."

Kumbukeni huyu ni bwana nyama.

"Vifaru?" akasema. "Vifaru vinatengenezwa?"

Nikamwambia si vifaru vya porini, vifaru vya vita, vidogo, vya mapambo. Nikamwambia duka, sumaku, bata, polisi, Mama Clarisse alivyokaa. Akaniacha nimalize yote.

"Mwanangu," akasema, "mimi nataka ganda la simu."

Nilikaa chini. Kwenye sakafu iliyolowa, hivyo hivyo.

Ile simu ya tochi. Anatembea nayo, analala nayo, imemwanguka mpaka ganda la mbele na la nyuma yameachana. Tundu la chaji limelegea, waya haushiki, anaufunga kwa mpira wa baiskeli, na siku hizi hata mpira hausaidii, ndiyo maana haipatikani. Mariamu anataka kumnunulia nyingine mpya. Amemkatalia. Amemwambia simu anayo, aliletewa na dada yake, yaani mimi, kilichochoka ni ganda. Mimi nilikuwa nasikiliza huku nimeziba mdomo kwa khanga.

Nikamuuliza bunduki je. Akasema bunduki alishaikabidhi serikalini zamani, macho yameingia ukungu, angemlenga nani. Kwani Mariamu hakuniambia? Hakuniambia. Halafu nikasikia mlio ambao sikuutambua, kama mtu anakohoa. Baba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Mariamu akaja kuuliza kuna nini.

Ghafla akaacha kucheka.

"Ngoja. Hayo ya risasi. Uliyakataa kwa nini?"

"Yalikuwa njano mpaka shingoni. Hayakuonja moto."

"Vitako?"

"Havina muhuri."

"Uliyaviringisha?"

"Kwenye kioo."

"Hata yaliyonyooka ukayakataa?"

"Nimeyakataa yote, baba."

Nikasikia kuku wa Tabora, na mtu anapita anasalimia, na baba hakumwitikia.

"Vizuri," akasema.

Basi. Neno moja. Akamrudishia Mariamu simu, maana baba haagi, na Mariamu akaanza kuniuliza mbona nalia, nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu. Nikamwambia nitampigia. Nimekaa hapa tangu saa hizo, nalisema hilo neno peke yangu kwa sauti yake, nacheka, nalia kidogo, nacheka tena. Mama Clarisse amenichemshia chai ya tangawizi bila kuuliza kitu. Ameisikia habari yote ukutani, kuta zenyewe hizi.

Kesho asubuhi viatu vitasubiri. Nakwenda soko la simu kutafuta ganda la baba, la mbele na la nyuma. Namhurumia laoban wa kwanza nitakayemkuta.